Istilahi za Kiini cha Mfumo Endeshi: Uwekevu wa Kumbukumbu na Uwekevu wa Maneno

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, bila kumtaka msomaji awe fundi wa kompyuta, jinsi sehemu ya ndani kabisa ya programu za kompyuta inavyotunza mambo yake katika nafasi ndogo, na kisha kupendekeza istilahi za kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanapoandika juu ya jambo hilo. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la kifundi kiasi hiki liletwe katika kurasa hizi. Jibu letu limo katika tukio lifuatalo.

Tuliletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mitambo ya kompyuta iliyokusudiwa kutumiwa katika ofisi moja ya umma. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mfumo "hufuta kumbukumbu zisizotumika bila kumwuliza mtumiaji". Karani mkuu wa masijala alipoisoma sentensi hiyo alikataa katakata kuipokea mitambo. Sisi hatukumlaumu. Kwa mtumishi wa umma, kumbukumbu ni barua, hati na mihutasari iliyomo majaladani, kila barua ya serikali hubeba ufupisho "Kumb. Na." juu yake, na kuzifuta kumbukumbu bila kumwuliza mwenye dhamana ni kosa. Lakini maandishi ya asili hayakusema lolote juu ya hati. Yalisema tu kwamba nafasi ya muda ambayo programu imekwisha kuitumia hurudishwa ili itumiwe na programu nyingine. Hapana hata karatasi moja ambayo ingepotea. Kosa lilikuwa la neno, na gharama yake ilikuwa barua nyingi za kwenda na kurudi.

Kwa hiyo hapana budi kwanza tulielewe jambo lenyewe, ndipo tulitafutie maneno.

1. Kiini ni nini?

Kompyuta huendesha programu nyingi kwa wakati mmoja, na programu hizo zote hugombea kichakataji kile kile, kumbukumbu ile ile na diski ile ile. Programu inayoamua nani apate nini, na lini, huitwa mfumo endeshi. Ndani ya mfumo huo imo sehemu ambayo peke yake ina ruhusa ya kuiamuru mitambo moja kwa moja. Kiingereza kimeipa sehemu hiyo jina lenye maana ya kile kilichomo ndani ya ganda la kokwa au la punje, na sehemu ya nje inayopokea amri za mtumiaji ikaitwa kwa jina la ganda lenyewe.

Wafasiri wetu wamejaribu "punje", "kokwa" na hata "keneli". Punje ni kimoja kati ya vingi vilivyo sawa, na sehemu hii haina wenzake. Kokwa aghalabu hutupwa tunda likishaliwa. Keneli ni utohozi usiomwongoza mwanafunzi popote. Neno kiini, kama tusemavyo kiini cha yai au kiini cha habari, lina maana zote mbili zinazotakiwa: kilicho katikati, na kile ambacho bila yake vingine havisimami. Tunapendekeza kiini.

2. Kwa nini kiini kiwe kiwekevu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao waliujenga mfumo endeshi wa Unix juu ya kompyuta ya aina ya PDP-11 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu: 16 kwa ajili ya mfumo na 8 kwa ajili ya programu za watumiaji. Uwekevu wakati huo haukuwa hiari. Leo simu ya mkononi yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo mara zaidi ya 174,000, na yaweza kudhaniwa kwamba habari ya kubana nafasi imepitwa na wakati. Sivyo, na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza tutaitoa katika kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na ambacho ndicho kilichomo ndani ya simu zote za Android. Programu ya kawaida ikikosa nafasi, sehemu yake isiyotumika yaweza kuhamishiwa diskini kwa muda. Kumbukumbu iliyoshikwa na kiini chenyewe haihamishwi. Kila baiti kinayoichukua imetoka katika fungu la programu za mwananchi.

Sababu ya pili ni hesabu ya kuzidisha. Kiini hugawanya kumbukumbu yote katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa. Katika mitambo mingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Kwa kila ukurasa kiini cha Linux hutunza maelezo yanayoonyesha unatumika kwa kazi gani na unashirikiwa na wangapi. Katika mitambo ya kawaida ya biti 64, maelezo hayo huchukua baiti 64, yaani sehemu moja kwa sitini na nne ya kumbukumbu yote, kama asilimia 1.6. Simu ya gigabaiti 4 ina kurasa 1,048,576, na maelezo yake hula megabaiti 64. Fundi akiongeza katika maelezo hayo kipengele kimoja cha baiti 8, atakuwa amechukua megabaiti 8 zaidi katika kila simu ya ukubwa huo.

Msomaji aliyepata kufanya kazi masijalani ataona mara moja. Rejesta ya majalada ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo jalada halipatikani. Lakini rejesta zikijaza chumba, majalada yatakaa wapi? Njia za kupanga habari ili zipatikane upesi na zisichukue nafasi kubwa ndizo tunazoziita miundo ya data.

3. Kumbukumbu na kielekezi

Wako waliopendekeza tuliache neno kumbukumbu na kutafuta jingine. Sisi hatuoni haja ya kuling'oa neno lililokwisha kuenea shuleni na mitaani, kwa kuwa sarufi yetu yenyewe inayo dawa. Kumbukumbu ya kompyuta haihesabiki. Hupimwa, kama maji. Basi daima ichukue upatanisho wa umoja: kumbukumbu hii, kumbukumbu ya simu, kumbukumbu isiyotumika. Kumbukumbu za masijala huhesabika, nazo huchukua upatanisho wa wingi: kumbukumbu hizi, kumbukumbu za kikao, kumbukumbu zilizopotea. Mfasiri wetu alipoandika "kumbukumbu zisizotumika" aliingia masijalani bila kujua.

Kadhalika kitenzi. Hati hufutwa, kumbukumbu ya kompyuta huachiwa, kama vile mtu aachiavyo kiti ili mwingine akae. Sentensi ile ingaliandikwa "mfumo huachia kumbukumbu isiyotumika", karani asingalishtuka. Na chombo kinachotunza data hata umeme ukikatika, kama vile diski, kiitwe hifadhi, kisiitwe kumbukumbu.

Kila baiti ya kumbukumbu ina namba yake, ambayo kwa haki huitwa anwani. Mahali palipoandikwa anwani ya kitu kingine tunapendekeza paitwe kielekezi. Neno kiashiria, linalotumiwa na baadhi ya walimu, limekwisha kuchukuliwa na wanauchumi na wapangaji wa maendeleo. Katika mitambo ya biti 64 kielekezi kimoja huchukua baiti 8, na sehemu kubwa ya uwekevu tunaoueleza hapa ni uwekevu wa vielekezi.

4. Miundo yenyewe

(a) Orodha ya mnyororo. Tuseme majalada yamo katika rafu mbalimbali, nasi twataka kuyapitia kwa utaratibu fulani bila kuyahamisha. Yafaa kufungia juu ya kila jalada kikaratasi kinachosema lifuatalo liko wapi na lililotangulia liko wapi. Huo ndio muundo tunaouita orodha ya mnyororo, na kila kitu kilichomo tunakiita fundo. Tumechagua fundo badala ya nodi kwa sababu kila aliyewahi kumenya muwa anajua kwamba pingili mbili huungana kwenye fundo.

Vitabu vingi vya mafunzo huonyesha fundo kama kitu cha peke yake, lenye kielekezi cha tatu kinachoelekeza kwenye kitu kinachoorodheshwa. Kiini cha Linux hufanya vingine: vielekezi viwili hupachikwa ndani ya kitu chenyewe. Kwa kuwa umbali wa vielekezi hivyo kutoka mwanzo wa kitu unajulikana, kiini huutoa umbali huo katika anwani na kukipata kitu. Baiti 8 za kielekezi cha tatu huokolewa, na nafasi huombwa mara moja badala ya mara mbili.

(b) Jedwali la mtawanyo. Kutafuta jina moja katika orodha ndefu huchukua muda. Kwa hiyo vitu hutawanywa katika visanduku vingi kwa kanuni ya hesabu inayogeuza jina kuwa namba ya kisanduku. Kila kisanduku ni kichwa cha orodha fupi. Kichwa cha kawaida kina vielekezi viwili, cha fundo la kwanza na cha fundo la mwisho, yaani baiti 16. Jedwali la visanduku 65,536 litachukua baiti 1,048,576 kabla halijatiwa kitu chochote. Lakini jedwali likitawanya vizuri, kila orodha huwa na vitu viwili vitatu tu, na kumjua wa mwisho si jambo la haja. Kwa hiyo Linux ina aina ya orodha ambayo kichwa chake kina kielekezi kimoja tu, na jedwali hupungua nusu. Gharama yake ni kwamba hapana njia ya kufika mwisho wa orodha ila kwa kupitia wote waliotangulia.

(c) Mti wa nyekundu na nyeusi. Muundo huu ulitokana na kazi ya Rudolf Bayer ya mwaka 1972, na jina lake lilitolewa na Leonidas Guibas na Robert Sedgewick mwaka 1978. Vitu hupangwa kama matawi, vidogo upande wa kushoto na vikubwa upande wa kulia, na kila fundo hutiwa rangi moja kati ya mbili ili kanuni za rangi ziuzuie mti usiegemee upande mmoja. Rangi ni habari ya biti moja tu, lakini kuitengea mahali pake kungeligharimu fundo baiti 8 nzima, kwa sababu tutakayoieleza katika (d). Mafundi waligundua kwamba mafundo ya kiini katika mitambo ya biti 64 huanza kwenye anwani zinazogawanyika kwa 8, hivyo biti tatu za mwisho za anwani hizo daima ni sifuri. Rangi ikawekwa katika biti ya mwisho ya kielekezi kinachoelekeza kwa fundo mzazi. Fundo zima likabaki na baiti 24, sawa na vielekezi vitatu.

Hapa tunaonya juu ya neno moja. Kiingereza huita fundo la juu kabisa kwa jina la mzizi, na wafasiri hufuata. Lakini kwa Mswahili mti una mizizi mingi, nayo iko chini. Matawi yote hutoka katika shina, nalo ni moja. Tena twasema shina la ukoo. Tunapendekeza shina, na kwa fundo la mwisho lisilo na watoto, jani.

(d) Pengo. Chukua kitu chenye vipengele vitatu: cha baiti 1, cha baiti 8, na tena cha baiti 1. Jumla yaonekana kuwa 10. Lakini kipengele cha baiti 8 hutakiwa kianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Kwa hiyo baiti 7 huachwa tupu baada ya kile cha kwanza, na 7 nyingine mwishoni, jumla 24. Kikitangulizwa kile cha baiti 8, jumla hushuka hadi 16, wala hakuna kilichopunguzwa ila nafasi tupu. Kipo chombo kiitwacho pahole kinachowaonyesha mafundi nafasi hizo. Baadhi ya wafasiri wameziita mianya. Sisi twaona mwanya ni sifa ya uzuri, bali pengo ni mahali palipokosa jino. Na hapa maana ni ya ukosefu. Ziitwe mapengo.

(e) Bamba. Mwaka 1994 Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun Microsystems alieleza njia ya kugawa kumbukumbu kwa vitu vya ukubwa mmoja vinavyoombwa mara kwa mara. Chukua vitu vya baiti 192. Kigawaji cha kale kinachotoa nafasi kwa vipimo vya 64, 128, 256 na kuendelea kitampa kila mmoja 256, na ukurasa utaenea vitu 16. Njia ya Bonwick hutenga ukurasa mmoja au zaidi kwa vitu vya aina hiyo peke yake, na ukurasa mmoja huweza kuenea vitu 21, zikibaki baiti 64 tu. Fungu hilo la kurasa tunaliita bamba. Linux ilikuwa na vigawaji vitatu vya jamii hiyo. Kimoja, kilichotengenezwa kwa mitambo midogo sana, kiliondolewa mwaka 2023, na kile cha kwanza kabisa kiliondolewa mwaka 2024, kikabaki kimoja.

(f) Ramani ya biti. Swali likiwa la ndiyo au siyo tu, kama vile "Je, ukurasa huu umechukuliwa?", biti moja yatosha. Kwa kurasa 1,048,576 za simu yetu, ramani ya biti huchukua kilobaiti 128. Jibu hilo likiandikwa kwa baiti nzima nzima, litachukua megabaiti 1.

5. Mpaka wa uwekevu

Tungekosea kama tungeacha msomaji adhani kwamba kubana nafasi ni kwema siku zote. Yale maelezo ya baiti 64 ya kila ukurasa yamewezekana kwa hila moja: baiti zile zile husomwa kwa maana moja ukurasa ukitumika kwa faili, kwa maana nyingine ukitumika kwa bamba, na kwa maana ya tatu ukitumika kwa kazi nyingine. Kipimo kilibaki kidogo, lakini fundi asomaye msimbo alilazimika kila mara kujiuliza ni ukurasa wa aina gani alio nao mkononi, na hata kama ni ukurasa kamili au ni sehemu ya fungu kubwa zaidi. Makosa yalizaliwa humo. Kuanzia toleo la 5.16, lililotoka Januari 2022, mafundi wa Linux walianza kuyatenga majina: fungu la kurasa zinazofuatana, lishughulikiwalo kama kitu kimoja, likapewa jina lake, "folio". Baiti hazikuongezeka, kilichoongezeka ni majina, na kwa majina hayo kosa lililokuwa likijificha laweza kukamatwa mapema.

Wafasiri nao wajihadhari na neno hilo. Kwa karani wa masijala, folio ni hati moja iliyotiwa namba ndani ya jalada. Katika kiini yaweza kuwa kurasa nyingi. Tunapendekeza fungu la kurasa.

Jambo hili latuhusu sisi wa istilahi kuliko linavyoonekana. Neno moja kubeba maana mbili ni uwekevu, nao wafaa maadamu kipo kitu karibu kinachomwonyesha msomaji ni maana ipi inayokusudiwa. Kwa neno kumbukumbu, kitu hicho ni upatanisho wa ngeli na kitenzi kinacholifuata. Mfasiri akikiacha, uwekevu hugeuka utata, na gharama yake hulipwa na mtu asiyekuwapo tafsiri ilipokuwa ikiandikwa.

6. Muhtasari wa mapendekezo

Mfumo endeshi: programu inayotawala mitambo na kugawa matumizi yake.
Kiini: sehemu ya ndani ya mfumo endeshi yenye ruhusa ya kuiamuru mitambo moja kwa moja.
Kumbukumbu (umoja daima): nafasi ya kazi ya muda, huombwa, hugawiwa, huachiwa.
Hifadhi: mahali pa kutunza data hata umeme ukikatika.
Ukurasa: kipande cha kumbukumbu cha ukubwa maalumu. Fungu la kurasa: kurasa zinazofuatana na kushughulikiwa pamoja.
Kielekezi: mahali palipoandikwa anwani ya kitu kingine.
Orodha ya mnyororo, fundo, shina, jani: kama yalivyoelezwa juu.
Jedwali la mtawanyo: visanduku vinavyopokea vitu kwa kanuni ya hesabu.
Pengo: nafasi tupu kati ya vipengele vya kitu au mwishoni mwake.
Bamba: kurasa zilizotengwa kwa vitu vya ukubwa mmoja.
Kigawaji: sehemu ya kiini inayogawa kumbukumbu.
Uwekevu wa kumbukumbu: kutumia kumbukumbu bila kuifuja. Neno ubahili lisitumiwe, kwa kuwa bahili huzuia hata kinachohitajiwa.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani na wafasiri wayatie katika rasimu zao, kisha watuandikie ni yapi yaliyoeleweka mara ya kwanza na ni yapi yaliyohitaji kuelezwa upya. Ama rasimu ile tuliyoanza nayo, ilisahihishwa kwa kubadilisha silabi mbili na kitenzi kimoja. Karani mkuu aliisoma tena, akauliza swali moja juu ya hifadhi, akajibiwa, akatia saini.